Mkonge milia Malindi: kupanda, kutunza na kuzalisha mikonge yenye majani ya rangi mbili

Mkonge wa kawaida hauhitaji mwongozo. Uchomeke kando ya ua, usahau, na baada ya miaka miwili utaukuta umezungukwa na watoto. Ule wenye milia, yaani ukingo wa manjano au mfereji mweupe katikati ya jani, watu wa Malindi huupa malezi yaleyale, kisha hushangaa: Juni moyo umeoza, au Februari majani yameungua yakawa rangi ya kaki.

Sababu iko kwenye jani lenyewe. Sehemu nyeupe au ya manjano haina ile rangi ya kijani inayopika chakula cha mmea, kwa hiyo inalishwa na kijani kilichobaki pembeni yake. Mmea wa namna hii hukua polepole kuliko mkonge wa kijani, ngozi yake nyeupe huungua upesi, na ukijeruhiwa huchelewa kupona. Halafu kuna hali ya hewa. Asili ya mimea hii ni Meksiko na nchi jirani, na mingi ilizoea mahali ambapo mvua ni chache na ardhi hukauka haraka. Jua la Malindi inaliweza vizuri ikizoezwa. Isichokiweza ni wiki nne za masika ikiwa imekaa kwenye tope. Karibu kila hatua hapa chini, kuanzia tuta hadi kuchagua mwezi wa kupanda, inahusu kuyaondoa maji shingoni mwa mmea.

Aina zinazokubali Pwani

Anza na Agave angustifolia 'Marginata'. Ndiyo ile yenye majani membamba, magumu, yenye ukingo wa maziwa, inayojipanga kama mpira wa miba wa sentimita 60 hadi 100. Inastahimili upepo wa chumvi na mvua ya Pwani kuliko ndugu zake wengi, na makosa ya mwanagenzi inayasamehe.

Agave desmetiana 'Variegata' ina majani laini yanayojikunja nje kama shingo ya korongo, ukingo wa manjano, na miba michache. Inafaa kwenye nyumba yenye watoto, inavumilia unyevu na kivuli cha nusu siku, ila huchanua ikiwa bado na umri mdogo, kisha hufa. Agave americana 'Marginata' ni jitu: urefu mita 1.5 na zaidi, upana mita 2 au hata 3. Watu huinunua ikiwa ndani ya kopo na kuipanda hatua moja kutoka kwenye njia. Miaka sita baadaye inabidi njia ihame. Dada yake, 'Mediopicta Alba', mwenye mfereji mweupe katikati ya jani, ndiye mzuri kuliko wote na ndiye dhaifu kuliko wote. Huyo mweke kwenye chungu, au juu kabisa ya tuta refu, baada ya kufanikiwa na aina mbili za mwanzo.

Kama kiwanja chako kinatuama maji na huna nguvu ya kuinua tuta, chukua Furcraea foetida 'Mediopicta'. Si agave bali ni binamu yake, jani pana lenye michirizi ya krimu, na unyevu haumtishi sana.

Unaponunua, usitazame majani ya nje tu. Tazama pia mkuki wa katikati, ambako majani machanga yamefungana. Mlia uonekane kwenye mkuki huo pia. Ukiwa kwenye majani ya chini tu, mmea umeshaanza kurudi kijani na hautageuka tena. Kisha shika mkuki uutikise kidogo: ukicheza, au ukisikia harufu ya kuoza shingoni, rudisha.

Mahali

Malindi iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na jambo hili linabadilisha hesabu ya kivuli. Jua hupita utosini katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba; kati ya hapo huwa upande wa kaskazini, na miezi mingine upande wa kusini. Ukuta wa kaskazini au wa kusini utakupa kivuli nusu ya mwaka na kukunyima nusu nyingine. Ukuta ulio magharibi mwa mmea hukinga jua kali la alasiri mwaka mzima. Huo ndio wa kutafuta kwa aina yenye weupe katikati. Zenye ukingo wa manjano zinaweza kukaa jua la kutwa baada ya kuzoezwa, na rangi yake huiva zaidi zikiwa huko.

Usipande chini ya mnazi. Kuti kavu moja linaloanguka hukata majani matatu kwa mpigo, na kovu la jani la mkonge halifutiki mpaka jani lenyewe lizeeke. Chini ya mvinje pia pabaya: vijani vyake vyembamba hujaa moyoni mwa mmea na kushika maji kama sifongo.

Mwiba wa ncha una urefu wa sentimita 2 au zaidi na uko usawa wa jicho la mtoto. Acha mita 1.5 kutoka kwenye njia, ukipima kutoka pale mmea utakapofika ukikomaa. Ukilazimika, kata nchani milimita 5 tu za mwiba mgumu. Ukikata nyama ya jani, ncha itakauka na kuwa nyeusi.

Jaribu ardhi kabla ya kuamua. Chimba shimo la kina cha sentimita 40, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya saa moja, tuta la sentimita 30 latosha. Yakiwa bado yapo baada ya saa 4, inua sentimita 50 hadi 60 au tafuta mahali pengine.

Tuta

Kwa mmea mmoja wa kati, tuta lenye upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 40 linakula karai 8 hivi:

karai 4 za kokoto za matumbawe, ukubwa wa punje ya mahindi hadi kidole gumba
karai 2 za mchanga mnene wa mto
karai 1 na nusu ya udongo mwekundu
nusu karai ya samadi ya mbuzi iliyoiva, isiyo na harufu

Mchanga uwe wa mto, kama ule wa Sabaki, tena chagua wenye punje nene. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na ule laini unaopeperuka hushikamana ukilowa. Kwa walio Lamu kuna sababu nyingine: vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya kisiwa, na kila gunia linalobebwa kutoka huko linapunguza akiba hiyo.

Kabla ya kumwaga mchanganyiko, vunja ardhi ya chini kwa mtaimbo hadi kina cha sentimita 20 au 30. Penye mwamba wa matumbawe, toboa matundu kadhaa yanayopenya. Tuta zuri juu ya mwamba usiopitisha maji ni beseni lililofunikwa tu.

Matumbawe ni chokaa, na udongo utakuwa na chokaa nyingi. Mikonge inaipenda hali hiyo kuliko mimea mingi ya mapambo. Tatizo hujitokeza mara chache: majani mapya yanatoka na kijani kilichopauka, kana kwamba mlia umetanuka. Huko ni kukosa madini ya chuma, ambayo chokaa imeyafunga. Tumia chuma cha aina ya EDDHA kwa kipimo cha paketi. Chuma cha kawaida hufungwa na chokaa kabla mzizi haujakipata.

Kupanda

Panda kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba. Masika yamekwisha, kusi linapungua, na vuli inakuja na mvua ya wastani inayosaidia mizizi mipya. Watu wengi hupanda Machi wakisubiri mvua. Kwa mahindi ni akili, kwa mkonge milia ni kuuzika.

1. Toa mmea kwenye kopo, kung'uta udongo wote wa zamani, hasa ukiwa wa mboji nyeusi. Udongo ule hubaki umelowa katikati ya tuta lililokauka, na uozo huanzia hapo.

2. Kata kwa kisu kikali mizizi iliyooza au kuvunjika. Ule uliokauka lakini bado mgumu uache. Unasaidia kuushikilia mmea usiyumbe.

3. Laza mmea kivulini, penye upepo, siku 5 hadi 7 mpaka makovu yakauke. Hautakufa. Mkonge hukaa wiki kadhaa bila udongo.

4. Tengeneza kijishimo juu ya tuta, tandaza mizizi pande zote, rudisha mchanganyiko ukishindilia kwa mkono. Shingo, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, ibaki sentimita 3 hadi 5 juu ya uso wa tuta. Tuta hutitia baada ya mvua za kwanza, na shingo iliyopandwa sawa na udongo hujikuta imezama.

5. Aina yenye majani mapana uilaze kidogo upande mmoja, kama nyuzi 10 hadi 15, ili maji ya moyoni yamwagike. Itaonekana imepinda kwa miezi michache, kisha itajinyoosha.

6. Zungushia kokoto kavu sentimita 4 shingoni. Kwa 'Mediopicta Alba' tumia mawe ya kahawia. Matumbawe meupe yanarusha mwanga juu na kuunguza tumbo la jani kutoka chini.

7. Usimwagilie siku 7 hadi 10 za mwanzo. Hapa ndipo mikono huwasha watu wengi, na hapa ndipo mimea mingi hufa.

Weka kivuli cha makuti yaliyosukwa wazi au neti ya kivuli ya asilimia 40 hadi 50. Wiki ya tatu kiondoe hadi saa 3 asubuhi, wiki ya nne hadi saa 5, wiki ya sita kiondoe kabisa kwa zile za jua. Mmea uliokuwa kwenye kivuli cha muuzaji ukiwekwa juani mara moja huungua hata ukiwa wa aina ngumu.

Chungu, kwa nyumba za Lamu

Ndani ya mji wa Lamu bustani ni kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, au paa, na mchukuzi wa udongo ni punda, kwa hiyo chungu ndicho shamba. Chukua cha udongo wa kufinyanga au cha simenti, kipana kuliko kirefu, sentimita 35 hadi 45 kwa 'Mediopicta Alba', chenye matundu 5 ya milimita 12. Kiinue juu ya vijiwe vitatu. Punguza udongo mwekundu kwenye mchanganyiko hadi karai 1 na uongeze kokoto pale ulipopunguza.

Usiweke tabaka la mawe chini ya chungu. Ni desturi kila mahali, na inadhuru: maji hayashuki kutoka udongo kuingia kwenye mawe mpaka udongo wa juu umejaa pomoni, kwa hiyo tabaka hilo linapandisha tope karibu na mizizi. Funika tundu kwa kigae kimoja, basi. Masika yakikaribia, vuta chungu chini ya daka (kibaraza cha mlangoni) au penye paa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya chungu na ni ajabu jinsi wachache wanavyoitumia.

Kiwanda chembamba kina kasoro moja. Jua hupiga saa mbili au tatu tu, majani hunyooka marefu na kulegea kutafuta mwanga. Chini ya saa 4 za jua, panda desmetiana na uziache nyingine.

Maji, chumvi na mbolea

Mmea wa tuta ukiwa na mwaka mmoja, mpe lita 5 kila baada ya wiki 2 au 3 kuanzia Januari hadi masika yaanze, asubuhi na mapema, ukizungushia pembeni mwa tuta. Moyoni usimimine. Kuanzia Aprili hadi Julai usimwagilie hata tone. Vuli ikinyesha vizuri nayo yatosha. Mmea mchanga mpe lita 2 kila siku 10. Chungu hukauka upesi zaidi: ingiza kijiti cha sentimita 10, kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha ngoja tena.

Maji ya visima vingi vya Malindi na Lamu yana munyu. Kama chai iliyopikwa kwa maji hayo ina ladha ya chumvi, usiyategemee pekee yake. Chumvi hujikusanya, ncha za majani hukauka rangi ya kahawia, na sehemu nyeupe huanza kwanza. Kwenye chungu, kila baada ya miezi mitatu mimina maji ya mvua yaliyokingwa, mara tatu ya ujazo wa chungu, yapite yote. Kwenye tuta masika hufanya kazi hiyo bure. Kusi likivuma siku nyingi mfululizo na mmea uko karibu na bahari, suuza majani kwa maji matamu asubuhi ili yakauke kabla ya usiku.

Mbolea ni kidogo kuliko unavyodhani. Vizibo 3 vya soda vya NPK 17-17-17 kuzunguka tuta, mara moja kwa mwaka, vuli inapoanza. Naitrojeni nyingi hunenepesha jani, likawa laini, likavunjika kwa upepo na kualika uozo. Chungu nusu ya hapo.

Yanayoharibika na sababu zake

Uozo wa moyo au shingo. Mkuki wa katikati unakuwa kama umechemshwa, unavutika ukitoka na harufu mbaya. Hutokea Mei na Juni, na chanzo ni maji. Ukiwahi shingo pekee ikiwa imeoza, chimbua, kata mpaka ufike nyama nyeupe safi isiyo na doa, paka unga wa salfa, kausha wiki 2, panda upya kwenye kokoto tupu. Moyo ukishaoza, okoa watoto na uachane na mama.

Kuungua. Mabaka ya kahawia mepesi, makavu, upande unaotazama jua, zaidi kwenye weupe. Hayasambai. Usikate jani, kijani kilichobaki bado kinafanya kazi, na mmea huu hauna kijani cha kupoteza.

Madoa meusi yaliyozama, yenye duara, yanayoongezeka mvua ikinyesha, ni ukungu. Kata jani lote lililoshikwa, lichome, puliza dawa ya kopa (shaba) kwa kipimo cha lebo mwishoni mwa Machi kabla ya mvua, kisha rudia kama lebo inavyoagiza. Baka la jua na doa la ukungu watu huvichanganya sana: la ukungu hukua, la jua hubaki lilivyo.

Fukusi wa mkonge ndiye adui mkubwa. Ni mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, kama sentimita 1 hadi 1.5, na ni yuleyule anayesumbua mashamba ya katani. Jike hutoboa shingoni na kutaga mayai. Funza weupe wasio na miguu hula moyo, na vimelea vya uozo huingia nao. Mmea mzima unalegea ghafla, majani ya nje yakalala chini kama mwavuli uliogeuzwa. Hapo hakuna dawa. Ng'oa wote pamoja na udongo wa kuzunguka, tia kwenye gunia la plastiki, funga, acha juani wiki kadhaa au choma. Usitupe kwenye shimo la mboji. Agave americana hupendwa zaidi na fukusi, na mmea unaokaribia kuchanua hulengwa kwanza. Kwa mmea wa thamani, dawa inayopenya kupitia mizizi, kama imidakloprid, hutumika kabla ya kushambuliwa; kamwe usiitie kwenye mmea wenye mlingoti, yaani bua refu la maua, kwa sababu nyuki wanakunywa maua yake.

Wadudu wadogo, vidung'ata na magamba, hujificha kwenye makwapa ya majani. Sabuni ya maji, mililita 5 kwa lita, jioni, kisha suuza asubuhi. Mafuta, hata ya mwarobaini, huondoa nta ya jani na kuacha mabaka kwenye weupe. Jaribu jani moja kwanza, ngoja siku 3.

Kuzalisha

Mbegu hazirithi mlia. Kipande cha jani hakioti. Mlia unakaa kwenye matabaka ya chembe za sehemu inayokua, kwa hiyo njia ni mtoto anayechipuka kutoka shingoni au kwenye mzizi wa chini.

Mtoto awe na kimo cha sentimita 15 hadi 20 na majani 5 au zaidi. Vaa glavu ngumu, mikono mirefu na miwani. Fukua pembeni, tafuta kikonyo kinachomuunganisha na mama, kata kwa msumeno mdogo, kausha siku 7 hadi 10 kivulini, halafu fuata hatua za kupanda. Utomvu huwasha na kutoa malengelenge. Ukikurukia, osha kwa maji mengi na sabuni bila kusugua. Mashine ya kukatia nyasi isikaribie mmea huu. Hurusha utomvu mwili mzima.

Kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Mtoto wa kijani kitupu mng'oe mara moja, kwa kuwa anakua haraka na atamfunika mama. Mtoto mweupe au wa manjano kitupu hupendeza sana, na kila mtu hutaka kumtenga. Ukimtenga anakufa, hana cha kumlisha. Mwache kwa mama aishi kwa kunyonya. Chukua wale wenye mlia uliozunguka majani yote sawasawa.

Kama mmea wako unarudi kijani upande mmoja, au hauzai watoto, kuna njia ya kikatili inayofanya kazi. Mwanzo wa Septemba, kata mkuki wa katikati, kisha toboa moyo kwa keekee ya milimita 15 hadi 20 mpaka kiini cha kukulia kiharibike. Puliza salfa, kinga mvua isiingie tunduni. Miezi 2 hadi 4 baadaye watoto hutoka kwenye makwapa ya majani. Anayetoka kwenye kwapa la jani lenye mlia mzuri ana nafasi kubwa ya kuwa na mlia huo. Wa upande wa kijani atakuwa kijani.

Mlingoti

Mara nyingi baada ya miaka 8 hadi 15, mapema zaidi kwa desmetiana, moyo unarefuka na mlingoti unapanda kwa kasi. Kuukata hakumwokoi mama. Uamuzi wa kuchanua umeshapita. Uache, ukiwa mbali na nyaya za umeme na paa. Angustifolia, desmetiana na Furcraea huzaa vijimche juu ya mlingoti, mamia wakati mwingine. Vingine vina mlia, vingine kijani, vichache vyeupe. Ngoja vifike sentimita 8 na viachie kwa kuguswa tu, vitandaze kwenye kreti ya kokoto na mchanga nusu kwa nusu, chini ya neti, na usichague kabla ya jani la sita, kwa sababu mlia wa majani ya mwanzo hudanganya.

Mama akikauka, mng'oe na shingo yake yote kabla ya masika yanayofuata, maana kisiki kinachooza ndicho kitalu cha fukusi. Badilisha udongo wa tuta karai 3 au 4 za juu, uache wazi juani wiki 6, ndipo upande mwingine.